Notisi Kabla ya Nyumba Kunadiwa Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba Aliyekwama na Mkopo

Mama mmoja anayeishi New York aliniita nikamsomee barua. Alivuta droo ya jikoni akatoa bahasha kumi na moja, tisa kati yake hazijafunguliwa. Mbili zilikuwa na kibandiko cha kijani cha posta chenye tarakimu ndefu. Tulizipanga mezani kwa tarehe, tukazifungua moja moja. Ya kwanza ilimpa jina na namba ya simu ya mtu wa kuongea naye kwenye kampuni ya mkopo. Nyingine, iliyokuja peke yake katika bahasha yake, ilimpa siku 90 na orodha ya washauri watano wa kumsaidia. Siku hizo 90 zilikuwa zimekwisha wiki tatu kabla sijafika. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilijua zote zinadai pesa tu."

Wengi wetu tunadhani hivyo. Lakini sheria inamlazimisha mkopeshaji kukuambia mambo fulani, kwa namna fulani, kabla ya siku fulani, na karibu kila notisi inakupa muda wa kufanya jambo ambalo baadaye hutaweza kulifanya. Mwongozo huu unakusaidia kutambua notisi uliyoshika ni ipi, imekupa siku ngapi, na ufanye nini ndani ya siku hizo. Mimi ni mkalimani, si wakili. Ninaeleza sheria ilivyo kwa jumla. Kesi yako yenyewe ipeleke kwa wakili, na huko mbele nitasema wa bure anapatikana wapi.

Hatua ya 1: Jua nyumba huchukuliwaje katika jimbo lako

Marekani haina sheria moja ya kuchukua nyumba. Yapo majimbo ambako mkopeshaji hawezi kuuza nyumba mpaka afungue kesi: New York, New Jersey, Florida, Illinois, Ohio na mengine. Huko utaletewa samansi, na jaji ndiye anayeamuru mnada. Yapo mengine, kama California, Texas, Georgia na Arizona, ambako nyumba nyingi hunadiwa bila jaji kuliona faili, kwa sababu hati uliyosaini siku ya kununua ilikwisha kutoa mamlaka ya kuuza.

Itafute hati hiyo. Ikiwa kichwa chake ni "Deed of Trust", mara nyingi uko kwenye njia isiyo ya mahakama. Ikiwa ni "Mortgage", usikimbilie kuamini kwamba utapelekwa mahakamani. Minnesota hutumia hati ya jina hilo, na bado nyumba nyingi huko huuzwa kwa tangazo, mnada ukiendeshwa na ofisi ya sherifu bila kesi yoyote.

Tofauti hii inabadilisha mzigo. Kwenye njia ya mahakama, ukijibu kwa wakati, mkopeshaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikutumia kila notisi inayotakiwa. Kwenye njia isiyo ya mahakama hakuna anayesubiri jibu lako. Mnada utafanyika tu, na ukiona notisi ina kasoro ni wewe utakayekimbilia mahakamani kuomba usimamishwe.

Jua pia kwamba anayekuandikia huenda si yule anayekudai. Mikopo ya nyumba huuzwa na kununuliwa, na kampuni inayokusanya marejesho yako, ambayo hapa nitaiita msimamizi wa mkopo, inaweza kubadilika bila wewe kuulizwa. Sheria ya shirikisho inataka uarifiwe: msimamizi wa zamani akuandikie angalau siku 15 kabla ya kuhamisha, na mpya akuandikie ndani ya siku 15 baada ya kupokea. Wakati mwingine huunganisha notisi hizo mbili katika barua moja. Kwa siku 60 baada ya uhamisho, ukimlipa yule wa zamani kwa kutojua, na pesa ikafika kwa wakati, malipo hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa yamechelewa. Nimeona watu walioanza kuhesabiwa kuwa wamechelewa kwa sababu ya jambo hili peke yake.

Hatua ya 2: Toa barua kwenye droo, uziweke kwenye faili

Fungua kila bahasha siku inayofika. Andika juu ya barua tarehe uliyoipokea, na usitupe bahasha. Muhuri wa posta juu ya bahasha unaonyesha siku barua ilipotumwa, na tarehe iliyochapwa ndani mara nyingine huwa ya mapema zaidi. Siku hizo tatu au nne zikija kubishaniwa, bahasha ndiyo shahidi wako.

Mtu wa posta akikuta hupo, huacha kikaratasi mlangoni kwamba kuna barua ya kusaini. Nenda ukaichukue. Posta huishikilia kwa kawaida siku 15, kisha huirudisha kwa mtumaji. Wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba ukikataa kusaini, notisi haijakufika na kesi haiendi. Imani hiyo imepoteza nyumba za watu. Sheria nyingi za notisi huhesabu kutuma, hazihesabu kupokea. Texas inasema wazi kwamba notisi imekamilika pale barua iliyolipiwa inapowekwa posta kwenda anwani ya mwisho ya mdaiwa inayojulikana. Kwa hiyo ukihama, hata kwa muda, mwandikie msimamizi wa mkopo anwani mpya na ubaki na nakala. Kumwambia kwa simu hakutoshi.

Kama aliyekopa amefariki na wewe ni mjane, mgane au mtoto uliyerithi nyumba, barua zitaendelea kuja kwa jina la marehemu. Usiziache kwa kuwa si za jina lako. Kanuni za shirikisho zilizoanza kufanya kazi 2018 zinampa mrithi aliyethibitishwa haki zile zile za mkopaji, ikiwa ni pamoja na kupelekewa notisi na kuomba nafuu. Andika barua kwa msimamizi, eleza wewe ni nani, uliza anataka hati gani za kuthibitisha urithi, na utume hati hizo mapema.

Hatua ya 3: Hesabu siku 120 za kwanza

Hapa ndipo mwenye nyumba ana nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo wengi hujificha kwa aibu. Kanuni ya shirikisho iliyoanza Januari 2014 inamzuia msimamizi wa mkopo kutoa notisi ya kwanza ya kisheria, au kufungua kesi, mpaka uwe umechelewa zaidi ya siku 120. Kanuni hii ni kwa nyumba unayoishi mwenyewe kama makazi yako makuu, si ya kupangisha. Hata wasimamizi wadogo, wenye mikopo 5,000 au chini, ambao wamesamehewa masharti mengi, hawakusamehewa hili.

Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe malipo yalipotakiwa, wala si tangu adhabu ya kuchelewa ilipoanza. Tuseme hukulipa la Januari 1, na hukulipa tena. Kufikia Februari 6, siku ya 36, msimamizi anatakiwa awe amekupata kwa mazungumzo ya moja kwa moja, au awe amejaribu kwa nia njema. Kufikia Februari 15, siku ya 45, awe amekutumia barua inayokuhimiza muongee, yenye anwani na simu ya wahusika, mifano ya nafuu zinazoweza kupatikana, jinsi ya kuziomba, na mahali pa kupata washauri wa makazi. Siku ya 120 ni Mei 1, kama mwaka si mrefu. Kabla haijapita, hakuna notisi ya kwanza ya kuchukua nyumba inayoruhusiwa kutoka.

Ukilipa awamu moja katikati, na msimamizi akaiingiza kwenye deni la zamani zaidi kama wengi wafanyavyo, siku za kuchelewa zinasogea mbele mwezi mmoja. Hesabu upya kila unapolipa. Yapo mambo machache yanayoondoa ulinzi wa siku 120, kama kumhamishia mtu umiliki wa nyumba kinyume cha mkataba, au mkopeshaji kujiunga na kesi iliyofunguliwa na mdai mwingine juu ya nyumba hiyo hiyo.

Barua ya siku ya 45 ndiyo ile ya kwanza iliyokuwa kwenye droo ya yule mama. Haina maneno ya kutisha wala kichwa chekundu, ndiyo maana hudharauliwa. Mimi ningeipa uzito kuliko zote zinazofuata, kwa sababu inafika wakati hakuna wakili aliyeandikishwa, hakuna gharama za mahakama zilizoongezwa kwenye deni, na hakuna tarehe ya mnada.

Hatua ya 4: Barua ya kuvunja mkataba

Barua hii haitoki katika sheria ya jimbo bali katika mkataba wako mwenyewe. Mikataba ya kawaida inayotumika kwa mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, inasema kwamba mkopeshaji, kabla ya kudai mkopo wote kwa mkupuo, lazima akuandikie akitaja mambo haya: umevunja sharti gani, ufanye nini kulirekebisha, tarehe ya mwisho ambayo si chini ya siku 30 tangu siku ya notisi, na kwamba usiporekebisha deni lote linaweza kudaiwa na nyumba kuuzwa. Iseme pia kwamba una haki ya kulipa malimbikizo na kuuweka mkopo tena katika hali ya kawaida hata baada ya hapo, na haki ya kujitetea mahakamani.

Chukua mkataba wako, utafute kifungu kinachohusu jambo hilo, uweke barua pembeni yake na usome mstari kwa mstari. Je, siku ni 30 kamili? Je, kiasi kimetajwa? Je, imekwenda kwenye anwani iliyomo katika mkataba? Kasoro hapa ni hoja, hasa katika majimbo ya mahakama, kwa kuwa mkopeshaji aliyefungwa na jambo katika mkataba anatakiwa alitimize kabla hajakushtaki kwa kutotimiza la kwako.

Hatua ya 5: Notisi za jimbo

New York ina masharti mazito, na nitakaa hapo kidogo.

Angalau siku 90 kabla ya kufungua kesi, mkopeshaji lazima atume notisi maalumu kwa mkopaji wa nyumba anayoishi. Itumwe kwa njia mbili: kwa barua ya rejista au ya kusainiwa, na pia kwa barua ya kawaida. Iende kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, na kwenye nyumba yenyewe ikiwa ni anwani nyingine. Iwe katika bahasha yake, si pamoja na barua nyingine. Herufi zisiwe ndogo kuliko pointi 14. Itaje angalau mashirika matano ya ushauri wa makazi yanayohudumia eneo lako. Kisha, ndani ya siku tatu za kazi, mkopeshaji apeleke taarifa kwenye idara ya huduma za fedha ya jimbo kwamba ameituma.

Mahakama za huko zimeyachukulia masharti haya kwa uzito, na kesi nyingi za mabenki zimeanguka kwa kushindwa kuthibitisha kwamba barua zote mbili zilitumwa kweli. Kauli ya ofisa kwamba "tulituma" haitoshi; anatakiwa alete kumbukumbu za posta, au kiapo cha mtu anayeufahamu utaratibu wa kutuma wa ofisi hiyo. Ila usitegemee kila kasoro. Kwa muda mrefu wenye nyumba walishinda kwa sababu tu bahasha ilikuwa na maneno ya ziada. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ya New York, katika kesi iliyohusu Bank of America, iliamua kwamba maelezo ya ziada yaliyo sahihi na yanayotumikia lengo la notisi hayaibatilishi.

Kesi ikifunguliwa, samansi huambatana na notisi nyingine ya msaada kwa wenye nyumba. Hiyo lazima iwe kwenye ukurasa wake, kwenye karatasi ya rangi tofauti na samansi na hati ya madai, kichwa kikiwa cha herufi nzito za pointi 20. Kwa hiyo ukipewa bunda la karatasi nyeupe tupu, bila hata moja ya rangi, hapo hapo lipige picha lote jinsi lilivyo na uandike siku na saa.

California haina samansi kwa kawaida. Kwanza msimamizi anatakiwa awasiliane nawe, ana kwa ana au kwa simu, kuzungumzia hali yako ya fedha, kisha asubiri siku 30. Asipokupata, anatakiwa aonyeshe juhudi: barua, simu zaidi ya moja kwa saa na siku tofauti, halafu barua ya kusainiwa. Baada ya hapo husajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti hati yenye kichwa "Notice of Default", yaani notisi kwamba umeshindwa kulipa, nawe unatumiwa nakala ndani ya siku 10 za kazi. Ipite miezi mitatu. Ndipo ije notisi ya mnada, ambayo hutumwa na kubandikwa kwenye nyumba angalau siku 20 kabla ya kuuzwa, na kutangazwa gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Unaweza kulipa malimbikizo tu, bila deni zima, na kuurudisha mkopo katika hali ya kawaida mpaka siku tano za kazi kabla ya mnada.

Texas ni ya haraka, na inahitaji uwe macho. Kwa nyumba unayoishi unapewa angalau siku 20 za kurekebisha, kwa barua ya kusainiwa. Zikipita, notisi ya mnada inakuja angalau siku 21 kabla: inatumwa kwako, inawasilishwa kwa karani wa kaunti, na inabandikwa mahakamani. Mnada ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na lazima uanze ndani ya saa tatu tangu saa iliyotajwa. Jumanne hiyo ikiangukia Januari 1 au Julai 4, unasogea hadi Jumatano. Kuanzia barua hiyo ya kurekebisha hadi nyumba kuondoka, siku 41 zinaweza kutosha. Anayesubiri "mpaka nipigiwe simu" huko Texas anaweza kukuta mnunuzi mlangoni.

Minnesota hutangaza mnada gazetini kwa wiki sita, na anayeishi ndani ya nyumba hukabidhiwa notisi angalau wiki nne kabla. Huko kuna jambo ambalo Texas haina kwa mkopo wa kawaida wa nyumba: baada ya mnada mwenye nyumba kwa kawaida ana miezi sita ya kuikomboa, naye hukaa ndani muda huo.

Kuhusu lugha ni lazima niseme. California inataka hati hizo ziambatane na muhtasari kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu na Kikorea. New York ina utaratibu wa kutafsiri kwa lugha sita zinazozungumzwa zaidi na watu wasiojua Kiingereza vizuri. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya California, na hakitegemewi kuwemo kwenye ile ya New York. Notisi yako itakuja kwa Kiingereza cha kisheria. Usimpe mtoto wa shule kazi ya kukutafsiria barua hii. Mshauri wa makazi anaweza kukutafutia mkalimani, na mahakamani ukiomba mkalimani mapema utapewa, usiogope kuuliza.

Hatua ya 6: Omba nafuu kwa maandishi, na utimize fomu

Notisi inakueleza hatari iliyopo. Kinachoweza kusimamisha mchakato ni maombi yako yaliyokamilika. Kupunguziwa awamu, kusogezewa malimbikizo mwishoni mwa mkopo, kusimamisha malipo kwa muda, au kuuza mwenyewe kwa utaratibu mzuri, vyote huombwa kwa fomu moja ya msimamizi pamoja na hati za kipato, taarifa za benki na barua fupi ya kueleza kilichotokea.

Ukiyapeleka maombi siku 45 au zaidi kabla ya mnada, msimamizi anatakiwa ndani ya siku tano za kazi akuandikie kama yamekamilika au yamepungukiwa na nini. Barua hiyo ndiyo ya kuitazama kwa makini, kwani maombi mengi hufia hapo: hati moja imekosa saini, msimamizi ameandika, mwenye nyumba hajaifungua barua. Maombi yakikamilika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawezi kuomba hukumu wala kuiuza nyumba mpaka akujibu, na jibu litoke ndani ya siku 30. Yakikamilika hata kabla ya notisi ya kwanza kutoka, hiyo notisi yenyewe husubiri. Akikukatalia kubadilisha masharti ya mkopo, nawe ulikamilisha siku 90 au zaidi kabla ya mnada, una siku 14 za kukata rufaa kwake. Masharti haya hayawabani wasimamizi wadogo kwa ukamilifu, kwa hiyo uliza mapema wako ni wa aina gani.

Hesabu haionekani sawa? Mwandikie msimamizi barua ya kulalamikia kosa, uitume kwenye anwani aliyoitenga kwa malalamiko, ambayo huwa kwenye taarifa ya kila mwezi. Ukituma kwenye anwani ya malipo unaweza kupoteza ulinzi. Anatakiwa akiri kupokea ndani ya siku tano za kazi, na kwa makosa mengi ajibu ndani ya siku 30 za kazi.

Mshauri wa makazi aliyeidhinishwa na wizara ya makazi ya shirikisho atakusaidia kujaza haya yote bure. Namba yao ni 800-569-4287. Hao hao wanajua ofisi za msaada wa kisheria za kaunti yako. Angalia tofauti na wale watakaokuandikia wenyewe: kesi au notisi ikishasajiliwa huwa ya wazi kwa umma, na ndani ya siku chache kisanduku chako kitajaa vipeperushi vya "tutaokoa nyumba yako". Kampuni ya namna hiyo hairuhusiwi na kanuni za shirikisho kuchukua ada yoyote kabla hujapata pendekezo la maandishi kutoka kwa mkopeshaji na ukalikubali. Na yeyote anayekuambia usaini umiliki wa nyumba kwake "kwa muda tu", mfungulie mlango atoke.

Hatua ya 7: Samansi ikifika, jibu

New York unapewa siku 20 kujibu kama ulikabidhiwa mkononi ndani ya jimbo, na siku 30 kama ilikufikia kwa njia nyingine. Majimbo mengine yana siku zake, na zimeandikwa kwenye samansi yenyewe. Kujibu maana yake ni kuwasilisha utetezi wa maandishi mahakamani na kumpa nakala wakili wa mkopeshaji. Kumpigia simu msimamizi si kujibu. Kuendelea na mazungumzo ya nafuu si kujibu.

Ndani ya utetezi, taja waziwazi kila notisi ambayo hukupata au iliyokosewa: siku 120 hazikupita, siku 90 hazikutimia, barua ilikwenda anwani ya zamani, hakukuwa na karatasi ya rangi. Hoja isiyotajwa mapema huweza kuhesabiwa kuwa umeiacha.

Soma pia hati ya kiapo ya mpeleka samansi, iliyomo kwenye faili la kesi. Huandika siku, saa, na maelezo ya mtu aliyempa: jinsia, umri wa kukadiria, urefu, nywele. Kama amesema alimkabidhi mwanamume mrefu mwenye kipara saa mbili usiku, na nyumbani kwako wanaishi wanawake watupu, au saa hiyo ulikuwa zamu ya usiku na kadi ya kazini inaonyesha, mwambie wakili siku hiyo hiyo. Jaji anaweza kuitisha kikao cha kumhoji mpeleka samansi huyo.

Kwa nyumba za kuishi, mahakama za New York huitisha kikao cha usuluhishi ndani ya siku 60 baada ya uthibitisho wa samansi kuwasilishwa. Nenda, hata kama ulichelewa kujibu. Ukifika kikao cha kwanza bila kuwa umejibu, unapata siku 30 za kuwasilisha utetezi. Yule mama wa droo alipata nafasi yake hapo, baada ya zile siku 90 kupotea.

Uwe mkweli na nafsi yako juu ya nguvu ya kasoro. Notisi mbovu inaweza kufanya kesi ifutwe au mnada usimamishwe, na mkopeshaji akaanza upya. Deni halifutiki, na riba inaendelea kukua. Muda huo utumie kukamilisha maombi ya nafuu.

Aliye kwenye utumishi wa jeshi ana ulinzi wake: kwa mkopo aliouchukua kabla ya kuanza utumishi, nyumba haiuzwi wakati wa utumishi wala ndani ya mwaka mmoja baada yake bila amri ya mahakama.

Hatua ya 8: Notisi ya mnada ikishabandikwa

Hakiki siku, saa, mahali, na maelezo ya nyumba. Piga simu kwa mdhamini (kwa Kiingereza "trustee", yule aliyepewa na hati mamlaka ya kuuza nyumba) au ofisi inayoendesha mnada, kisha piga tena asubuhi ya siku yenyewe, maana minada huahirishwa na tangazo la kuahirisha wakati mwingine hutolewa pale pale kwa mdomo. Omba kwa maandishi kiasi kamili cha kulipa ili mkopo urudi katika hali ya kawaida, kikionyesha mpaka tarehe gani kinafaa. Kama nafasi ya kulipa ipo lakini unahitaji muda mrefu, wakili wa ufilisi anaweza kukueleza kuhusu maombi ya ufilisi ya Sura ya 13 ("Chapter 13"), ambayo yakiwasilishwa mahakamani kabla ya mnada kwa kawaida huusimamisha mara moja na kukuruhusu kulipa malimbikizo kwa miaka kadhaa. Mtafute wiki kadhaa kabla. Jioni ya Jumatatu kwa mnada wa Jumanne, wengi wao hawapokei faili.

Baada ya mnada

Usihame kwa kuwa mtu aligonga mlango. Mnunuzi anatakiwa afuate utaratibu wa kukuondoa, na huo nao una notisi zake. Ukiwa na mpangaji wa kweli, mwenye mkataba wa haki na anayelipa kodi ya kawaida, sheria ya shirikisho inampa angalau siku 90, na mara nyingi haki ya kumaliza mkataba wake, isipokuwa mnunuzi anataka kuishi humo mwenyewe.

Nyumba ikiuzwa kwa zaidi ya deni, gharama na madeni mengine yaliyosajiliwa juu yake, kinachobaki ni chako. Wakati mwingine huwa ni pesa nyingi, na hukaa mahakamani au kwa mdhamini ikisubiri mwenyewe. Taarifa yake itatumwa kwenye anwani uliyokuwa nayo, yaani nyumba ambayo hukai tena. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi funguo, mpe anwani yako mpya kwa maandishi karani wa mahakama au mdhamini, jaza pia fomu ya posta ya kuhamisha barua, na baada ya wiki chache uliza mwenyewe kama kuna salio. Usisaini karatasi ya mtu anayejitolea kukufuatilia kwa fungu kubwa. Ofisi hiyo hiyo itakupa fomu ya kudai.